Askari wa Paris Wafika Kisarawe

Juzi niliona riwaya ya Kifaransa kwa muuza vitabu wa Tangini, nikasikia tena harufu ya mihogo ya kuchemsha.

Mchana mmoja utotoni, mihogo ikiwa jikoni, Shangazi alikuwa akinisimulia riwaya kama hiyo, ukurasa kwa ukurasa: familia iliyojificha darini Paris, askari wakiwasaka.

"Hodi!"

Shangazi aliniziba mdomo.

"Hodi wenyewe!"

Niliamini askari wametufikia. Hodi ya tatu ilichelewa, kisha viatu vikaondoka.

"Ni askari?" nilinong'ona.

"Afadhali wangekuwa askari. Ni mshenga wa yule mzee wa Gwata. Ningeitikia, ningeolewa."

Alicheka, akafungua kitabu. Hatukujua kwamba mshenga alielekea shambani kwa Babu, na Babu angeitikia hodi ya kwanza.