Mboga ya Haradali ya Biji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu ya samli yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa hapa Makindu, na kichwa changu kimejaa adabu. Usicheke. Siku hiyo ni adabu iliyoniponza.

Kila asubuhi nilipeleka maziwa kwenye jiko la hekalu la Masingasinga, lile linalomlisha kila msafiri wa barabara ya Mombasa bila kumuuliza dini wala kabila. Mimi sikuwahi kuketi kula huko. Niliacha maziwa mlangoni nikakimbia nyumbani kwa mtoto wangu mchanga. Aliyeyapokea ni mama mmoja mzee, mjane asiye na mtoto, tuliyemwita Biji, kwa sababu ndivyo watu wake wanavyomwita mama. Alikuwa mkali kwa maziwa yenye maji, na mpole kwa mambo mengine yote.

Biji alitoka wilaya ya Hoshiarpur, huko Punjab, India. Baba mkwe wake alikuja kama seremala wa reli, na yeye akaletwa miaka mingi baadaye akiwa bibi harusi. Hakuchoka kuisifu Hoshiarpur. Aliniambia iko chini ya vilima, ina miembe mingi kuliko nilivyoweza kuamini, na mafundi wake hutia vipande vya pembe ndani ya mbao mpaka meza nzima ionekane imechanua maua. Nilipomwambia kwamba Wakamba nao ni wachongaji, akasema basi sisi ni ndugu tuliopotezana. Kilichonishangaza zaidi ni mito yao. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, halafu mvua ikinyesha vilimani maji yanashuka na kubeba mashamba, sawasawa na huku kwetu.

Siku nyingine furaha ilimtoka, akasimulia jinsi nchi yao ilivyogawanywa. Majirani zake Waislamu, aliocheza nao utotoni, walifunga mizigo wakaenda upande wa pili wa mpaka mpya na hawakurudi. Yeye alikuwa huku Kenya, akapata habari kwa barua ya kaka yake. Hakuwaaga. Jambo hilo lilimuuma hata uzeeni.

Nyuma ya chumba chake alikuwa na tuta moja la haradali, mbegu ya kwao. Kule wakati wa baridi majani yake hupikwa polepole mpaka yalainike kabisa, yakaliwa na mkate wa mahindi na samli juu. Mwaka ule mvua ilitukatalia. Biji aliimwagilia haradali yake kwa maji aliyooshea mchele, na bado ikakauka karibu yote. Iliyobaki ilitosha sufuria moja tu.

Ndipo barua nyingine ikaja. Kaka yake amezeeka, anamwita arudi nyumbani. Biji aliuza vyombo vyake, akakata tiketi ya meli ya Bombay. Siku moja kabla ya kuondoka aliniita chumbani kwake wakati wa chakula cha mchana, akaniwekea sahani. Alikuwa ameyavuna majani yote yaliyobaki, akanipikia mimi.

Aliketi kunitazama nikila. Kilikuwa chakula kitamu, sitakudanganya, na nilitamani kuendelea. Lakini nyanya yangu alinilea kwamba mgeni hasafishi sahani. Ukimaliza chote, unamwambia mwenye nyumba hukushiba, na watoto wa nyumba hiyo unawanyima masalio yao. Basi nilipofika nusu nikanawa mikono, nikashukuru. Nilijiona mwanamke mwenye heshima sana.

Biji aliitazama ile sahani.

"Chumvi mingi?" akauliza.

Nikajibu neno moja tu, hapana. Akaifunika, akageuka kupanga nguo sandukuni. Hakuzungumza tena kama kawaida yake, nami nikaenda zangu nikidhani ni uchungu wa safari.

Alasiri nilimsimulia mama mkwe wangu, niliyemwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu. Alikuwa akichagua ndengu kwenye uteo. Mikono yake ikasimama.

"Kwa huyo mama kuna watoto?"

"Hakuna, Mwaitu."

"Sasa hiyo chakula ulimwachia nani?"

Akanieleza kwamba yeye alikula hekaluni majuzi, akaona kila mtu akichukua anachoweza kumaliza, maana kwao kuacha chakula ni kukidharau. Halafu akanitazama kwa namna iliyonifanya nione haya.

"Anaenda akijua ulikataa mboga ya kwao. Kesho uamke, uende umwambie."

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbia mpaka stejini. Basi la Mombasa lilikuwa limewasha injini na Biji anangoja sanduku lake lipakiwe. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: nyanya yangu, masalio, watoto. Alinisikiliza akiwa amekunja uso. Kisha uso ukafunguka.

"Kumbe! Mtoto yako nazaliwa, mimi nakuja nyumbani kwenu. Mama mkwe yako naweka muthokoi, mahindi ile ya kutwanga na maharagwe. Mimi namaliza, yeye naongeza. Mimi namaliza, yeye naongeza. Sahani tatu. Mimi nafikiri, mama hii nataka kuua mimi."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Nikamuuliza masalio yangu yako wapi. Alikuwa ameyabeba kwenye mkebe ayale njiani, kwa kuwa hakuweza kuyatupa. Nikamwomba. Nikala pale pale nimesimama, mboga baridi, utingo akigonga bati la basi, mpaka nikaufuta mkebe kwa kidole. Biji alinitazama huku machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sasa mimi nakwenda vizuri," akasema, akapanda.

Hatukuonana tena. Nilimpenda yule mama, na hadi leo namshukuru Mwaitu kwa kunifokea.

Basi, mwanangu, wewe unayekwenda kuishi na watu wa mbali, nenda na adabu ya kwenu, lakini uifungulie mdomo. Mwenyeji hawezi kuisoma usoni mwako. Uliza wanavyofanya wao, na useme mnavyofanya ninyi. Mtu akikuuliza swali dogo huku moyo wake unauma, usimjibu neno moja ukanyamaza. Na ukigundua umemuumiza, usijifariji kwamba nia yako ilikuwa njema. Nia yangu mimi ilikuwa njema kabisa, na nusura imvunje moyo mama wa watu. Nenda ukamwambie, na uende mapema, kwa sababu mimi nililikuta basi limebakiza dakika chache tu kuondoka.

Mungu akufikishe salama, akupe majirani watakaokupikia hata kile kidogo walichobakiza. Na kila utakayemuaga, akuache moyo wake ukiwa mweupe, na wako pia.