Nyumba ya Kuangalia Jumapili

Nyumba ile ya Kibamba tulienda kuiona Jumapili, tukitoka kanisani. Mama ndiye aliyechagua siku. Anaamini Jumapili hakuna Mkristo atakayemdanganya Mkristo mwenzake. Mwenye nyumba naye alitupokea na Biblia kwapani. Mtaa kimya mpaka ungesikia kuku wakifikiri.

Nyuma ya ua palikuwa na uzio wa mabati mapya. Nikauliza kuna nini kule.

"Kiwanja tu, kijana."

Mama akamshukuru Mungu, akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, maana mjini hapa wenye nyumba hawajui mwezi mmoja ni kitu gani.

Jumatatu asubuhi kiwanja kikaamka. Mashine ya kushindilia ardhi ilipoanza, vikombe vyetu vikacheza singeli kabatini. Kumbe wanapandisha ghorofa. Wiki haijaisha, saruji imeshaingia mpaka kwenye ugali. Nikamwambia Mama, tukiendelea kula hivi tutajenga tumboni. Hakucheka. Alikuwa anamwangalia mdogo wangu, ambaye ana pumu.

Kile kitoto ndicho shabiki wangu pekee duniani. Vituko vyangu shuleni vinaniletea viboko, kwake vinaniletea kicheko. Sasa akicheka anakohoa, akikohoa kifua kinapiga filimbi, na sie tunatafuta bodaboda ya hospitali. Daktari alisema neno moja tu: mtoeni kwenye vumbi.

Fundi mmoja pale ndiye aliyetuambia kwamba kiwanja kile mwenye nyumba wetu alikiuza yeye mwenyewe. Mama akamfuata barazani kwake, mie nyuma yake.

"Shikamoo mzee. Ulijua watajenga, mbona hukutuambia?"

"Mama mwalimu, mlikuja kupanga nyumba au kupanga mtaa? Hamkuuliza."

"Niliuliza mie," nikasema.

"Nikakujibu kiwanja. Nilisema shamba?"

Mama akaomba arudishiwe kodi iliyobaki tuondoke. Mzee akasema mkataba ni mkataba, ila ana huruma: tulete mpangaji wa kuziba nafasi yetu, huyo akilipa, na sie tutapata chetu. "Mleteni Jumapili," akaongeza, akitabasamu.

Nikajiteua dalali. Nikapiga picha nzuri, nikaandika kwenye simu ya Mama: nyumba tulivu, majirani wacha Mungu. Jumamosi tulifuta vumbi mpaka kwenye majani ya mpapai. Jumapili wakaja mume na mke, wote vijana, mke mjamzito, tumbo limeshatangulia mlangoni.

"Pazuri," akasema yule dada. "Kumetulia. Mama, mbona mnahama?"

"Kahamishwa kazi," mwenye nyumba akadakia.

Nilimwona Mama anavyokamata kitasa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kifua kinapiga filimbi yake. Yule dada akainama kwa shida, akamshika shavu.

"Pole mwanangu. Mafua?"

"Mafua," nikasema haraka.

Mama akaachia kitasa. "Si mafua. Mwanangu, rudi kesho asubuhi uione nyumba hii. Usilipe leo."

Wale hawakusubiri kesho, wakaaga. Mwenye nyumba aliwasindikiza mpaka barabarani akiwabembeleza, akarudi peke yake. "Haya mama mwalimu, kaa na ukweli wako. Ile kodi uliyolipa isahau."

Mama akampigia shangazi wa Chanika. Shangazi akasema chumba ni kimoja na wamo sita, labda mwisho wa mwezi watoto wakienda kwa bibi yao. Labda.

Jumatatu mashine ikaanza kabla hatujanywa chai. Mama alilowesha khanga zake zote, akatundika madirishani, nyumba ikawa giza. Akakaa kitandani na mtoto mapajani na ile dawa ya kuvuta mkononi, akiitikisa sikioni kusikia kama bado imo.

"Kaka," mdogo wangu akasema, pumzi moja moja, "nichekeshe."

Nilikuwa nayo nzuri, ya mwalimu wa hesabu na mbuzi. Nikaimeza.