Nilivyojifanya Kufa kwa Mbege ya Jirani

Kipaji changu ni kufa. Sijisifu, shule nzima kule Lusaka inajua. Nimekufa maabara ya kemia baada ya kunusa chupa ya maji. Nimekufa mstarini asubuhi, mwalimu mkuu akiwa katikati ya tangazo la karo, nikabebwa na wanne. Nashika koo, nageuza macho mpaka yanabaki meupe, goti la kushoto linatangulia, halafu naenda chini mzima kama mgomba uliokatwa. Nikishalala, mguu wa kulia unarusha teke moja la mwisho. Hilo teke ndilo linalowamaliza watu.

Mara ya mwisho nilikufa Masama, kijijini kwetu, uani kwa bibi yangu, Desemba iliyopita. Sijafa tena tangu siku hiyo. Wenzangu wananiomba, nawaambia nimestaafu. Sijawaambia kwa nini. Nikikumbuka tu, masikio yanapata moto.

Tuliondoka Masama nikiwa darasa la tatu. Baba alifungua duka la vipuri Lusaka, tukahamia wote, na kwa miaka saba kijiji chetu kikawa kitu cha kwenye simu. Bibi anapiga, anauliza kama tunakula, anakata. Lakini mimi kichwani nilikuwa nacho chote: mfereji unaopita nyuma ya jiko, baridi ya asubuhi, harufu ya moshi ukichanganyika na majani ya mgomba yaliyolowa. Na zaidi ya vyote nilikuwa na mama wa ng'ambo.

Ng'ambo ya mfereji, sio ya bahari. Alikuwa jirani wa bibi, mjane, mpika mbege. Siku akichemsha ndizi mbivu kwenye pipa lake, kabla haijatiwa ulezi wala kuwa pombe, maji yake yalikuwa matamu kuliko soda yoyote niliyokunywa baadaye. Nilikuwa naruka mfereji naenda kusimama pale kama mbwa wa buchani. Ananichotea kwenye jani.

"Lamba haraka, bibi yako asione."

"Ameshaona."

"Basi lamba na fungu lake."

Huyo ndiye niliyemsimulia Lusaka mpaka wenzangu wakaziba masikio.

Tuliporudi, mimi na baba tu, mama akiwa amebaki na duka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuukimbilia mfereji. Nilikumbuka mto. Nikakuta kitu ninachoweza kukivuka bila kutoa mkono mfukoni. Nikavuka. Mama wa ng'ambo alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe ni nani mrefu hivi?"

"Ni yule wa fungu la bibi."

Akatupa ungo wa maharage pembeni, akanikumbatia, akacheka akiwa amenishika masikio yote mawili. Alikuwa amekonda. Nilipotazama nyuma ya nyumba nikaona lile pipa limelazwa ubavu, kuku wametaga ndani. Sikuuliza. Mimi huuliza maswali ya kuchekesha tu.

Bibi alikuwa ameshapanga. Jumamosi majirani wangekuja kutukaribisha, na mbege ingepikwa na mama wa ng'ambo. Tukawatimua kuku, tukalisugua pipa. Siku zile zilikuwa nzuri kuliko zote za safari. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilikoroga. Nililamba, kwenye jani, kama zamani. Siku moja nikamsikia akimuuliza bibi kwa sauti ya chini, "Lakini watakuja kweli?"

"Watakuja," bibi akasema. "Ni nyumba yangu."

Nikadhani anaogopa mbege itabaki.

Wakaja. Benchi zikajaa, waliokosa nafasi wakakalia magogo. Mbele kabisa alikaa meku, ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume, na huyu ndiye mkubwa kuliko wote wa upande wetu: koti zito, fimbo, masharubu meupe. Mama wa ng'ambo akaleta ndoo tatu, akasimama nyuma yake mikono ikiwa ndani ya kitenge. Sasa kwetu mbege hainywewi hivihivi. Mtu wa nyumba anayekaribisha anachota kata ya kwanza, ile ya kibuyu, anaonja mbele ya wote, ndipo anampa mgeni. Hilo nililijua tangu utotoni. Kwa nini linafanywa, hilo sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilidhani ni adabu tu, kama kufuta kiti.

Bibi akasimama.

"Leo anayeonja ni huyu. Ametoka kwao akiwa mdogo, amerudi kwao. Aonje kwa niaba ya nyumba."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama wa ng'ambo akanipa kata kwa mikono miwili, akanitabasamia. Nikalowesha midomo. Ilikuwa chungu kidogo, na nyuma ya uchungu ule utamu wangu wa siku zote. Nikainua macho, nikaona watu wote wamenyamaza wananitazama. Nitasema ukweli: umati ukininyamazia hivyo, mimi sijiwezi. Ni kama kumwekea mlevi chupa mezani.

Nikashika koo.

Macho, goti la kushoto, chini. Kata ikaruka, mbege ikamwagika. Nikarusha teke langu la mwisho, teke safi kuliko yote niliyowahi kurusha, nikasubiri kicheko.

Baba ndiye aliyecheka. Alianza, akafika nusu, akaacha.

Nikafungua jicho moja. Watu walikuwa wamesimama. Mama mmoja alikuwa amemvuta mwanawe nyuma ya sketi. Nikaruka juu, nikasema, "Natania jamani! Mzima!" nikazunguka kama mwanamitindo waone. Hakuna aliyeniona. Walikuwa wanamtazama mama wa ng'ambo.

Meku akaiokota kata pale chini, akaipangusa kwa mkono wa koti, akaiweka juu ya benchi imefunikwa kifudifudi. Akasema, "Ng'ombe wangu hajala." Akaondoka. Hapo ndipo kila mtu akakumbuka shughuli. Mmoja ana mgonjwa. Mwingine ana maharage motoni, mwanaume mzima ambaye bibi alisema baadaye hajui hata chumvi inakaa wapi nyumbani kwake. Dakika chache tu, benchi tupu.

Mama wa ng'ambo akaifunua ile kata, akachota, akanywa yote, taratibu, akiitazama migongo yao inavyoishia kwenye migomba. Kisha akachukua ndoo zake, moja baada ya nyingine, akavuka nazo mfereji. Nilipotaka kumsaidia akasema, "Acha." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepona mapema.

Bibi alinikalisha jikoni.

"Unajua kwa nini mtu anaonja kwanza?"

"Adabu?"

"Ili watu waone haina sumu."

Akanieleza polepole, huku akisogeza kuni. Mwaka wa tatu tangu tuondoke, mwanaume mmoja alikunywa kwa mama wa ng'ambo, akaenda kulala, hakuamka. Hospitali walisema moyo. Kijiji kikasema kata. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kwenda. Mpika mbege asiyenywewa mbege yake anaweka kuku kwenye pipa. Bibi alikuwa amekaa miaka minne akitafuta siku ambayo watu wangeshindwa kukataa, na siku hiyo ilikuwa kurudi kwetu. Alidhani wakimwona mtoto akionja, hofu ingewatoka.

"Nikakuchagua wewe," bibi alisema. "Nilisema huyu anampenda."

"Hamkuniambia!"

"Tungekuambia nini? Usife?"



Asubuhi akakata jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, akaliweka mkononi mwangu. Ukimpelekea mtu uliyemkosea jani lile hawezi kukukatalia msamaha. "Kwa hiyo usilipeleke kama mtu anayerudisha ungo," bibi akaniambia.

Nilimkuta anamwagia migomba mbege. Ndoo mbili zilishakwisha. Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikalitoa jani, nikasema yote niliyoyapanga na mengine yaliyokuja yenyewe na kamasi. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea. Isale ni isale, siwezi kulikataa." Akalipachika kwenye mkunjo wa kitenge chake. "Lakini mwanangu, umeanguka mbele ya watu wote, halafu unakuja kuinukia huku migombani tulipo wawili?"

Ndoo ya tatu hakuimwaga. Akaifunika.

Ilikuwa Jumapili. Baada ya misa watu husimama nje, sadaka za mazao zinanadiwa. Nikamwomba mwenye kunadi, akanipa nafasi kati ya jogoo na mkungu wa ndizi. Nikasema kwa sauti: mimi ndiye niliyeanguka jana, nilikuwa natania, mbege ilikuwa nzuri, mama hana kosa.

Wakacheka.

Hapo nilitaka ardhi inimeze. Jana nilipotaka kicheko nilipewa kimya, leo nimetaka kimya nimepewa kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti, "Usitufie hapa mjukuu, hatuna machela!" Wakazidi. Jibu nilikuwa nalo tayari, jibu kali, lingewaangusha wote. Nikalimeza. Nikarudia tena, neno kwa neno, nikilia. Kicheko kikapungua, lakini sikujua kama kimepungua kwa kunielewa au kwa sababu jogoo alikuwa anasubiri. Mama wa ng'ambo alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nilipomtafuta tena alishaondoka.

Alasiri alitoa benchi mbili nje ya nyumba yake, akaweka ile ndoo katikati. Tukaenda mimi, bibi na baba. Tukakaa. Watu walikuwa wanapita njiani na nguo zao za kanisani, wanasalimia, wanapita. Bibi hanywi, ana presha. Baba akataka kuchota, mama wa ng'ambo akamzuia. "Wewe ni ndugu tu. Wewe ukinywa haihesabiki."

Tukakaa sana. Ndipo nikasikia fimbo. Meku akaja, bado na tai shingoni, akajishusha kwenye benchi, akahema. Tukamwamkia.

"Anaonja nani?" akauliza.

Mama wa ng'ambo akachota. Sikuamini aliponipa mimi. Njiani akina mama wawili wakasimama. Nikanyanyua kata, nikanywa kidogo, na sijui ni kilio cha asubuhi au ni Mungu tu ananilipa, ikapitia njia isiyo yake.

Kikohozi kikanipanda. Kikohozi cha kweli. Sijawahi kubana kitu maishani kama nilivyokibana kile. Shingo ilivimba, machozi yakanitoka, nikasimama wima kama askari, mikono nimeibandika kwenye kata ili isije ikapanda kooni. Meku ananitazama. Wale mama wawili wananitazama. Kikashuka, polepole, kama mtu mnene anayeshuka ngazi.

"Onja tena," meku akasema.

Nikaonja tena.

Akanyoosha mkono, akaichukua kata, akaitazama ndani kwa muda mrefu mno. Mama wa ng'ambo alikuwa ameshika mdomo wa ndoo kwa vidole vyote kumi. Meku akanywa. Hakunywa nyingi. Akafuta masharubu, akasema ulezi umezidi kidogo.

"Siku nyingi sijapika," mama wa ng'ambo akasema.

"Utapunguza," akajibu, akanyoosha kata aongezewe.

Wale mama wawili walisimama pale njiani kidogo, wakanong'onezana, wakaendelea na safari yao. Kesho yake alfajiri nasi tukaondoka. Ng'ambo ya mfereji, benchi ya pili ilikuwa bado nje, haina mtu, imelowa umande.