Stempu Iliyofunika Jina la Nerina

Saa mbili asubuhi, Nerina Cossutta yuko mezani, penseli mkononi, anachora bango la sherehe ya waoka mikate wa mtaa wake hapa Trieste, Italia. Ana miaka sabini na tisa. Leo anaikandamiza penseli mpaka inatoboa karatasi. Ni hasira.

"Hajulikani!" anafoka. "Mimi! Niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka makumbusho yao!"

Jumamosi makumbusho yanafungua maonyesho ya matangazo ya zamani. Bango kuu ni la kahawa ya Zordan: mwanamke katikati ya bora, ule upepo mkali wa baridi wa Trieste, kofia nyekundu inapeperuka, kikombe hakimwagi hata tone. Mji mzima unalijua. Pembeni wameandika: Mchoraji hajulikani.

Alilichora mwaka 1968, kazi yake ya kwanza. Siku hizo bango halikubandikwa ukutani bila stempu ya kodi, na karani wa kodi aliibandika kona ya kulia, chini. Wachoraji wazoefu walitia saini kushoto. Nerina hakuambiwa na mtu. Akatia kulia.

"Kiwandani kwa Zordan walinicheka. 'Binti, umemsainia karani!' Nikacheka nao. Nilijua yatakuja mengine."

Yalikuja, mamia, yote na jina lake upande wa kushoto. Lakini hilo la kwanza ndilo lenye uso wa mama yake. Kiwanda cha Zordan kilishafungwa, makaratasi yakatupwa. Ushahidi pekee uko chini ya stempu.

Wiki iliyopita alimfuata msimamizi wa maonyesho, Fulvio Marassi.

"Ibandueni kwa mvuke. Dakika tano tu."

"Bibi yangu, stempu ile ni historia. Haiguswi."

"Na mimi ni nini, takataka?"

"Tuletee uthibitisho, tutabadilisha."

"Uthibitisho si ndio huo mnaoukalia!"

Marassi alitabasamu, akamfungulia mlango. Hebu fikiria! Kikaratasi cha kodi, ukubwa wa kidole gumba, kinaheshimiwa kuliko mwenye kazi yake.

Nerina anaweka penseli chini. Anafungua kabati, anatoa kofia nyekundu ya mama yake, iliyofifia, anaivaa mbele ya kioo. Amefanana na mama yake: uso ni ule ule wa kwenye bango, umeongezeka makunyanzi tu.

"Jumamosi nitasimama chini yake hivi hivi, tangu wafungue mpaka wafunge," anasema. "Marassi aje anitazame, halafu awaambie watu kwamba sijulikani."