Siku Niliyomficha Imbura

Ng'ombe wa mnada wakipitishwa mbio hapa Nyamisangura, mimi mama mzima mwenye wajukuu naacha mboga jikoni na kuegemea mlango wa zizi kwa mwili wote. Cheka tu, ndugu yangu, halafu nikwambie.

Miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba yetu upande wa Machochwe ilichomwa. Aliyewasha namtaja: Gesabo, mkubwa wa mgambo, ambaye juzi yake alikula ugali wetu akaomba na mchuzi. Zizi alilifungua kwa mkono wake, ng'ombe wakaswagwa. Tukabaki na ng'ombe mmoja, Imbura, yaani mvua, maana alizaliwa ikinyesha. Baba akatuvusha mpaka wa Sirari, tukapata kibanda kwa Wajaluo, ndani ya Kenya. Maziwa ya Imbura ndiyo yalikuwa unga wetu na sabuni yetu, na kumchunga ilikuwa kazi yangu. Mama alinionya: “Ukisikia kishindo cha ng'ombe usiulize ni nani. Ficha wako kwanza.”

Basi asubuhi moja nikasikia. Ngoma, pembe inalia, halafu kishindo. Wanaume wenye mikuki, nyuso zimepakwa udongo, wanaswaga ng'ombe mbio. Kwetu hiyo ina maana moja tu. Nikamvuta Imbura hadi ndani ya matete ya mtoni, nikamkumbatia mdomo. Alinuka maziwa na matope. Nikamwomba asilie. Akalia.

Mama Akinyi, jirani yetu, akafunua matete.

“Nyathina,” ndivyo wao wanavyoita mwanangu, “unafanya nini na hii ng'ombe?”

“Wezi, mama.”

Akacheka mpaka akashika kiuno. “Wezi gani wa mchana na ngoma? Ni matanga ya Mzee Odero. Amekula chumvi, ameacha wajukuu. Tunakimbiza ng'ombe kufukuza kifo kwa boma yake. Leta yako ikimbie pia.”

Nikang'ang'ania kamba.

“Nyinyi Wakurya, hata kilio mnaona wizi.”

Vijana wakamchukua. Nikawafuata nikilia, wenyewe wakadhani namlilia marehemu, wakanisifu. Wanawake walikuwa wanacheza, wazee wanajigamba, na mimi macho yangu hayatoki kwa Imbura. Jioni akarudishwa akihema, majani yamefungwa kwenye pembe. Mama akampapasa mwili mzima, kama anatafuta mahali palipopungua.

Niliwaona wendawazimu watu wale, wanaofurahi msibani. Nilikuja kuelewa Baba alipofia kule kule ugenini. Kabla sijafuta machozi nikasikia kishindo. Majirani wameleta ng'ombe wao, mikuki juu, wanamkimbizia mkimbizi. Mimi mwenyewe nikafungua zizi, nikawatoa watoto wa Imbura.

Gesabo alizikwa huku nyumbani. Nasikia hata kuku hakukimbia.