Mahali Sidii Ilipokuwa Inakwama

Jumapili Kariakoo hunyamaza. Naishi ghorofani, juu ya maduka ya mashuka na mapazia, na wiki nzima nalalamikia kelele za wapiga debe na mikokoteni. Ikifika Jumapili, nikirudi kanisani, nazitafuta kelele hizo hizo sizipati. Tangu mume wangu afariki, hiyo ndiyo siku ninayoiogopa. Binti yetu ameolewa Mwanza na hunipigia simu jioni. Kabla ya hapo nyumba inakuwa yangu na friji.

Tena kuna jambo lililokuwa linanitisha kuliko upweke wenyewe: nilianza kuisahau sauti yake. Uso ninao, umejaa ukutani, kuanzia picha ya harusi mpaka ile ya kitambulisho cha kazi yake bandarini. Sauti haina pa kutundikwa. Nilikuwa nafumba macho nimsikie akiniita kutoka sebuleni, na nikawa nasikia sauti ya shemeji yangu.

Ndiyo maana nikataka deki ya kuchezea sidii. Raha yetu na mume wangu ilikuwa sinema. Kila Jumamosi alirudi na sidii, nyingine zile za kutafsiriwa, ambamo mtu wa hapa hapa mjini anapayuka juu ya maneno ya Wazungu. Mimi nilikuwa natoka dukani kwangu nimechoka, naingia jikoni, na sinema naiona vipande vipande kupitia mlangoni. Nikiuliza imefika wapi, yeye ananisimulia. Alisimulia vizuri kuliko wale wa kulipwa. Sidii zote zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda, lakini deki yetu ilishakufa na fundi alikataa hata kuifungua.

Nilienda kwa jirani yangu, mzee wa Kiarabu anayeuza redio na runinga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwambia ninachotaka. Akavua miwani. Akanieleza kwamba siku hizi watu wananunua flashi, na wengine wanaangalia kila kitu kwenye simu. Binti yangu alishaniimbia wimbo huo huo. Nikamjibu kwamba mimi siwezi kumtazama mtu mzima akilia ndani ya kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Mzee akacheka, akaenda stoo, akarudi anapangusa vumbi kwenye boksi. Ilikuwa deki ya blu-rei, aliyoiagiza zamani akidhani watu wataigombania, na watu hawakuigombania.

“Mama, hii siyo deki uliyozoea,” akaniambia. “Hii inakuonyesha mpaka jasho la mtu. Na sidii zako za zamani inazisoma.”

Kwanza sikuipenda. Ilikuwa nyepesi mno, na sisi wa Kariakoo kitu kikiwa chepesi tunakitilia shaka. Ukiiwasha inakaa kwanza, inawaza, ndipo inaamka. Vitufe vyake ni vidogo, na maandishi ya kwenye rimoti yameandikwa kwa ajili ya watu wenye macho ya ujana. Nikaona nimepigwa.

Halafu Jumapili nikaweka sidii aliyonipa mzee ya kujaribia, ya samaki wa baharini. Nimenunua samaki Feri miaka yote ya ndoa yangu, nikiwabonyeza na kuwafunua mashavu, lakini sikuwahi kuona jicho la samaki namna ile. Magamba ungeweza kuyahesabu. Maji yalikuwa maji hasa, mpaka nikavuta miguu yangu juu ya kochi.

“Hebu ona hilo jicho,” nikasema kwa sauti.

Kochi la pili lilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kimenyooka, hakuna aliyekikalia. Nililia kidogo, nisiwe mwongo. Kitu kizuri ukikiona peke yako kinauma. Nikawatoa samaki, nikaenda chumbani kuvuta boksi.

Sidii niliyoitaka naijua kwa rangi ya jalada lake. Ni sinema ya baba mmoja katika nchi ya baridi, anambeba mwanawe mgonjwa kwenye theluji kumpeleka kwa daktari. Mume wangu aliileta miezi michache baada ya kumzika mtoto wetu wa kiume. Homa ilimchukua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Tulimsafirisha mpaka nyumbani Kilimanjaro, kama ilivyo kwetu, tukamlaza kihambani, kwenye migomba, pembeni ya babu yake. Tuliporudi Dar nilikuwa napika na kuuza duka, lakini sikuwa naongea. Sinema ile ndiyo ya kwanza niliyotoka jikoni nikakaa chini kuiangalia, kwa sababu ya yule mtoto.

Wala hatukuiona mpaka mwisho. Baba alipofika tu mlangoni kwa daktari, picha iliganda. Mume wangu akainuka, akasimama mbele ya runinga, akaitoa sidii, akaifutia shati, akatikisa kichwa.

“Imekwama,” akasema. “Acha nikumalizie mwenyewe. Hii nilishasimuliwa kazini.”

Akanimalizia. Daktari alimpa mtoto dawa, mtoto akalala mpaka asubuhi, akaamka akaomba uji. Nikamwambia Wazungu hawanywi uji. Akasema huyu alikunywa, tena akamaliza bakuli zima. Binti yetu, wakati huo mdogo, akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamtania kwamba leo wauza sidii wamempata. Maana yeye hakuwa mtu wa kuuziwa sidii mbovu. Desturi ya pale mtaani, muuzaji anakuwekea sidii kwenye deki yake, anaikimbiza mpaka majina yanapopanda mwishoni, ndipo unalipa. Na mume wangu alikuwa haondoki mezani bila kuyaona hayo majina. Alitaniwa juu ya sidii ile miaka na miaka, na mimi, na shemeji zake, na kila tulipoirudia ilikwama pale pale. Hakujitetea hata siku moja.

Basi Jumapili hiyo nikaiweka. Picha ilikuwa na ukungu, maana deki haiwezi kuitakasa sidii ya magendo, lakini ilienda. Baba akatembea kwenye theluji. Nikajiandaa kwa mahali pale, na nikaona nimekunja ngumi. Baba akafika mlangoni. Mlango ukafunguliwa. Sinema ikaendelea, laini, bila hata mkwaruzo.

Daktari alisema maneno ya Kiingereza ambayo sikuyapata. Sikuyahitaji. Baba alipiga magoti. Kisha watu wachache wamesimama nje, kofia mikononi, na katikati yao ndani ya theluji shimo dogo. Urefu wa shimo lile mimi naujua.

Majina yakapanda mpaka yakaisha, na mimi bado nimekaa. Sidii haikuwahi kukwama. Mume wangu alikuwa anakisikia Kiingereza, kazi yake bandarini ilikuwa ya Kiingereza. Alielewa kabla yangu tunakopelekwa. Na rimoti ilikuwa mkononi mwake siku zote. Huyu mtu mwenye kiburi cha Kariakoo, asiyekubali kuuziwa hata betri mbovu, alikubali kuchekwa na ukoo mzima ili mimi nisilione lile shimo.

Nilimkasirikia kwanza, kwa kuondoka bila kuniambia. Halafu nikairudisha nyuma. Baba akafika mlangoni, nikabonyeza, picha ikaganda. Na pale, katika ule ukimya wa Jumapili, nikamsikia. Acha nikumalizie mwenyewe. Sauti yake mwenyewe, yenye mkwaruzo wa asubuhi na ile lafudhi ya kwetu ambayo bandari ilishindwa kuiondoa. Nilikaa naisikiliza.

Simu ya Mwanza ikaita. Binti yangu akaniamkia, akauliza deki ikoje, nikamwambia picha zake ni safi kuliko macho yangu. Akauliza nilikuwa naangalia nini. Nikamweleza.

“Ile ya baba iliyokuwa inakwama? Imeenda mpaka mwisho?”

“Imeenda.”

“Mtoto alipona, si ndiyo?”

Niliitazama runinga. Yule baba alikuwa bado amesimama mlangoni, mwanawe begani, theluji imeganda hewani.

“Alipona,” nikamwambia. “Aliamka asubuhi akaomba uji. Akamaliza bakuli zima.”