Waya Ambayo Sikuivuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chombo chochote ila birika. Fundi Mkuu wa karakana yetu pale Isiolo alinikabidhi birika hilo, majani ya chai na sukari, akaniambia nipande gari. Nilikuwa na darasa la nane na kozi fupi ya umeme, nikadhani ananidharau.

"Hiyo ndiyo spana yako ya kwanza," akasema. "Ukifika saiti, salimia mlinzi, keti, mkunywe chai, umuulize ameona nini. Sanduku utafungua baadaye. Wewe utakaa pale saa moja. Yeye amekaa na hiyo kitu mwezi mzima."

Kazi yetu ilikuwa kutunza minara ya mawasiliano, ambayo wafugaji huiita busta. Mbali na barabara kuu hakuna stima, kwa hiyo umeme ulitoka kwenye paneli za sola, ukaingia kwenye betri nne nzito, na betri zikalisha swichi. Vijana, simaanishi swichi ya ukutani. Hii ni kisanduku bapa chenye matundu ya kuchomekea nyaya, na ndiyo inayogawa mtandao kwenda zahanati, shule na ofisi ya chifu. Kila tundu lina kitaa cha kijani. Kikipepesa, ujue kuna maneno yanapita.

Nilianzia upande wa Kipsing. Huko nilijifunza kupangusa paneli asubuhi kabla hazijapata moto, na kugeuza gari nikiambiwa kwamba watu wamegombania maji mbele ya safari. Baada ya miaka michache nikahamishiwa upande wa Garbatulla. Huko ndiko nilikomkuta Mzee Guyo.

Alikuwa mlinzi wa mnara, Mborana mrefu mwenye ndevu za hina. Hakujua kusoma, lakini alizisoma zile taa. "Leo watu wanaongea sana," angesema akimimina chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. "Lazima kuna mtu ameoza binti yake." Mimi alinitania kuwa ni fundi wa mkebe, kwa sababu kila nilipofika nilifungua mkebe, nikaufunga, nikaenda zangu.

Sasa nieleze kosa langu. Umeme huingia kwenye swichi kwa plagi ndogo yenye nyaya mbili, kila moja imebanwa na skrubu nyembamba. Siku moja ya usafi nilizilegeza skrubu hizo ili nifute vumbi, kisha nikazikaza tena. Sheria ya Fundi Mkuu ilikuwa kwamba ukishakaza, uvute kila waya kwa vidole uone kama imeshika. Siku hiyo mvua ilikuwa imefunga upande wa laga, yaani lile korongo linalojaa maji ghafla na kukata njia. Dereva alipiga honi. Sikuvuta.

Wiki chache baadaye, Isiolo wakaanza kuona mnara ule ukipotea mchana na kurudi baada ya dakika chache. Nikatumwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, mzee."

Guyo alikuwa amefunga. Sikutaka kunywa chai mbele yake, na kwa kuwa hapakuwa na chai, sikuketi. Nilisahau kwamba chai ilikuwa kisingizio tu, kwamba tuliketi ili niulize.

"Fundi, kuna kitu nimeona hapa," akasema nyuma yangu.

"Baadaye, mzee."

Nikaitoa swichi, nikaweka mpya. Lakini plagi niliyoichomeka kwenye ile mpya ilikuwa ile ile ya zamani, na nyaya zake zile zile. Wakati wa kufunga nikaona waya nyembamba ya kuchajia simu imepita kando ya sanduku la betri kuelekea kibanda cha Guyo. Kibandani kulikuwa na simu tatu. Sikuifuata waya ile hadi mwisho wake. Niliporudi Isiolo niliandika kwamba mlinzi anachaji simu kwa betri za mnara na kuzimaliza nguvu.

Guyo alifutwa kazi. Garbatulla ni mji mdogo. Mfugaji aliyezoea kumwachia mbuzi wake sokoni akienda kuswali sasa alimwachia mtu mwingine.

Na mnara ukaendelea kupotea.

Baada ya Idi nilitumwa tena. Nikipita Garbatulla nilimwona sokoni, ameketi peke yake kwenye ukuta wa zizi la mnada. Nilitamani kupita. Yeye ndiye aliyeniita.

"Fundi wa mkebe! Leo hakuna saumu. Keti."

Akaagiza chai. Nilipoinywa nusu, nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza tangu awali. "Mzee, uliona nini?"

"Upepo. Upepo ya mchana ikipiga, mlango ya sanduku inatingika, na taa zote inakufa mara moja. Betri ikiisha, taa inakufa hivyo? Betri inakufa pole pole, kama mzee. Hii ilikuwa inakufa kama mtu amepigwa risasi."

"Na ile waya ya simu?"

"Ya paneli yangu ndogo, kijana wangu alininunulia. Iko juu ya uzio, nyuma ya sanduku. Hukuangalia juu."

Nikaenda mnarani. Nikaivuta waya ya plagi kwa vidole viwili tu, ikatoka. Nikairudisha, nikakaza, nikavuta tena. Upepo ukaja, mlango ukatingika, vitaa vikabaki vikipepesa.

Niliandika ripoti mpya nikikiri kosa langu, na Meneja wa Kanda, mama mkali lakini aliyenitakia mema, akaisoma mara mbili. Fundi Mkuu alikuwa karibu kustaafu, na sote tulijua nani angemrithi.

"Ukiacha hii hivi, hicho kiti sahau," Meneja akaniambia. "Andika skrubu ililegea. Si skrubu hulegea?"

"Hii haikulegea yenyewe, madam. Na mzee hakuiba."

Kiti kilikwenda kwa mwingine, na Guyo akaandikiwa barua ya kurudi kazini. Nilimpelekea mwenyewe nikidhani nimemaliza. Aliikunja bila kuifungua.

"Karatasi ya Isiolo hakuna mtu anasoma hapa," akasema. "Jina yangu iliharibika sokoni. Kuja siku ya mnada, useme."

Nilikuja. Nilisimama kando ya zizi, vumbi la ng'ombe likipanda, nikasema mbele ya wazee kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu na kwamba huyu mzee hakuchukua kitu. Mmoja alinitafsiria kwa Kiborana. Kisha mfugaji mmoja akamsukumia Guyo kamba ya mbuzi wake, akaenda kuswali. Guyo aliishika ile kamba kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo, kila nilipofunga sanduku, aliniuliza kutoka kibandani: "Umevuta?" Nami nilijibu, "Nimevuta, mzee." Tuliendelea hivyo hadi nilipostaafu.

Siku hizi vijana huangalia mnara kwa kompyuta wakiwa Isiolo, na wanajua mengi nisiyoyajua mimi. Sina la kuwafundisha ila hili: kompyuta itakuambia taa imezimika, lakini upepo haiuoni. Keti na mlinzi, hata kama hakuna chai.

Guyo alifariki mwaka huu. Waislamu hawachelewi kuzika, nami nilifika udongo ukiwa tayari umemfunika. Mkewe alinipa chai ile ile ya moshi, nikashindwa kuimaliza.

Nyumbani nina paneli moja na betri moja, ya taa na redio. Kila Jumamosi hukagua nyaya zake. Nakaza skrubu, navuta waya moja moja kwa vidole, nafunga kifuniko. Kisha nangoja kidogo. Hakuna anayeuliza, lakini najibu.